Gae

Barua ya duka la Tallinn ilikuwa fupi:
Kazi zako tunazipenda. Wafuasi wako wangapi?
Shangazi Eneken aliisoma kwa miwani, kisha bila miwani,
akaniuliza: Wafuasi? Mimi nimekuwa nabii lini?

Miaka thelathini na mmoja anafinyanga huku Võrumaa,
pembezoni mwa Estonia, katika banda la nyuma,
mabakuli ya supu, vikombe visivyo na mkono,
na kila aliyehitaji bakuli aliijua njia.
Kizuri chajiuza, ndivyo nilivyokua nikisikia.
Hakuna aliyetuambia kwamba soko limehama,
limeingia ndani ya kioo cha ukubwa wa kiganja,
na humo kizuri na kibaya vyote vyajitembeza,
vinacheza, vinakonyeza,
vinabisha hodi usiku wa manane.

Basi nikawa mshika simu.
Shangazi, geuka kidogo. Shangazi, tabasamu.
Rudia kukanda, kivuli kimeingia.
Akarudia. Udongo nao huchoka.
Siku ya tatu nilimwona ananawa mikono
kabla ya kufinyanga,
ili kucha zionekane safi.
Niliona, sikusema.
Asubuhi, jiko halijawashwa, alihesabu mioyo:
kumi na mmoja, na mmoja ni wangu.

Duka likaandika tena: Watu hupenda kuona tanuri likifunguliwa.
Mubashara. Ijumaa, saa mbili usiku.

Lakini tanuri la kuni haliijui Ijumaa.
Linataka siku mbili za moto na siku mbili za kuachwa,
mlango umezibwa kwa matofali na tope,
nawe ukae mbali, kama unavyomwacha mzazi alale.
Ijumaa lilikuwa bado linapumua.
Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Niligusa tofali, nikauondoa mkono upesi.
Nilijua. Yeye alijua kunishinda.
Watu mia mbili na sita wanangoja, nikasema.

Akatoa tofali la kwanza.

Si kishindo. Ni ting. Halafu ting,
kama barafu ya ziwani mwezi wa Machi,
bakuli moja likiita, jingine likiitikia,
mpaka yote arobaini na manne yakawa yamesema.
Kazi ya tangu vuli.
Simu ilikuwa mkononi mwangu na sikuishusha.
Nilimsogelea usoni.
Hilo ndilo ninalolikiri hapa.

Kufikia Jumapili, mioyo laki nne.
Watu wa São Paulo walilia naye.
Mtu wa Busan alitaka lile lenye ufa mrefu,
atalipa mara tatu, asilizibe.
Nalo duka, safari hii kwa alama tatu za mshangao:
Unaweza kurudia mwezi ujao?

Shangazi alicheka hadi akashika meza.
Halafu akaacha.
Simu akaitia ndani ya kopo la unga, akafunika,
ikaendelea kutetema humo kama nyuki aliyefungiwa.

Hajajibu. Sijui atajibu nini.
Kuni zinanunuliwa, paa linavuja, na laki nne si mchezo.
Jioni ile alichagua gae moja, lililobaki na tumbo,
akausugua ukingo wake kwa jiwe lisije likamkata mdomo,
akapakua supu ya kabichi kiasi cha miko miwili,
maana zaidi ya hapo lingemwaga.
Mfinyanzi hulia gaeni: waliosema walisema kwa huruma.
Yeye alikula polepole, ameelekea dirishani, kanipa mgongo,
na mvuke ukapanda ukafifisha kioo.
Mikono yangu ilikuwa mitupu.
Sikujua pa kuiweka.